Majibu ya mzazi yametoka, ni saratani: unaanzia wapi? Yaliyotukuta sisi na Mzee

Mwana wa Kibosho

Wakuu, salaam.

Juzi saa tano usiku mfanyakazi mwenzangu alinipigia. Akakaa kimya kidogo, nikawa nasikia bodaboda zinapita upande wake, ndipo akasema, "Majibu ya Mama yametoka." Nikampa pole, nikamwambia Mungu ni mwema, tukaagana. Nikabaki najidharau. Hayo mimi niliyapitia na Baba kuanzia mwaka 2019, tangu kipimo cha kwanza hadi mwisho, na mtu aliponijia akiwa hana pa kushika nikampa maneno ya msibani. Basi nayaandika hapa, yeye atayasoma na wengine mtayasoma. Uzi ni mrefu.

Baba alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Kibosho, Moshi. Tuko wanne: Kaka Mkubwa yuko Arusha, Dada yuko Minnesota, mimi Dar, na mdogo wetu, kitinda mimba, ndiye aliyebaki nyumbani na wazee kama mila ya kwetu inavyotaka.

Krismasi ya 2018 tulipanda wote isipokuwa Dada. Mbuzi kachinjwa, na Mzee, mwenye mji, anazungusha kipande kimoja cha nyama kwenye sahani mpaka kinapoa. Akaomba mtori. Tukamtania kwamba meno nayo yamestaafu. Akacheka na sisi. Laiti ningejua kuangalia: kila tonge lilisindikizwa na funda la maji, kwikwi zilimshika kila akianza kula, na mkanda wake ulikuwa na tundu jipya lililotobolewa kwa msumari, si kazi ya fundi.

Zahanati alikuwa ameshakwenda. Waliandika vidonda vya tumbo, wakampa dawa za vidonda vya tumbo, zilipokwisha wakampa nyingine. Miezi minne hivyo. Sitaji ni wapi na sina ugomvi na mtu. Lakini mtu mzima akianza kukwamwa na chakula kigumu, kisha kilaini, kisha uji, msikubali jina la vidonda vya tumbo mpaka kamera ilitaje.

Aprili 2019 uji ukaanza kurudi. Mdogo wangu akamshusha mjini, hospitali ya rufaa, akashushwa kamera kooni, wakachukua kinyama kupeleka maabara, wakampiga na picha ya CT. Majibu ya kinyama yalichukua wiki tatu. Siku ya kuyachukua na mimi nilikuwa nimepanda basi kutoka Dar.

Sasa tazameni mambo yanavyokwenda. Nesi anatokeza mlangoni: "Ndugu wa mgonjwa!" Tukasimama watatu, Baba akiwamo. "Mzee wewe pumzika, waingie vijana." Baba akarudi kwenye benchi, kofia magotini. Ndani, daktari akatuambia ni saratani ya umio, yaani njia ya chakula, imeshafika kwenye matezi, kupasua haiwezekani tena. Kilichobaki ni kumfungulia njia ili ale, mionzi ya kupunguza uvimbe, na kuzuia maumivu. Alisema kwa upole, akatuchorea mpaka picha. Nakumbuka kalamu yake ilikuwa ya tangazo la dawa ya minyoo. Maneno yake niliyasikia yote na sikuelewa hata moja. Mdogo wangu ndiye aliyeuliza maswali.

Tulimpigia Kaka Mkubwa tukiwa bado kwenye korido ya ndani. "Baba asiambiwe. Mama naye asiambiwe, ana presha." Tulipofika kwenye benchi uongo ulikuwa tayari: Baba, ni kidonda kikubwa kwenye njia ya chakula, kinahitaji mionzi ya kukikausha.

Baba akasema, "Sawa." Akavaa kofia. Akaomba bahasha aibebe yeye.

Naenda kula, nitaendelea baadaye.

Siti ya Mbele

Mkuu nimeweka kiti. Hilo tundu la mkanda limenimaliza. Kale haraka urudi.

Chai ya Moto

Pole sana ndugu. Mimi niko Bomet, Kenya, na huku kwetu huo ugonjwa hauulizwi ni nini, kila boma lina mtu wake. Daktari mmoja alitueleza kwamba kuna ukanda mzima upande huu wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia kuteremka Kenya, Tanzania, Malawi hadi Afrika Kusini, ambako saratani hii imejaa kuliko sehemu nyingi za dunia. Hospitali ya Tenwek imekuwa ikiwawekea watu stenti (mrija wa kufungua njia ya chakula) miaka mingi, na wamepokea hata vijana wasiofika miaka 30. Hapo ndipo niliogopa.

Kuhusu jina langu: mwaka 2016 lile shirika la utafiti wa saratani la WHO lilisema vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, huenda vinachangia saratani ya umio. Si chai yenyewe, ni ule umoto wake. Mzee wangu alikuwa anakunywa chai ikiwa bado inatokota, ukimpa iliyopoa kidogo anakuuliza kama umemchoka. Lakini tusimlaumu mgonjwa kwa kikombe. Wataalamu wanataja pia tumbaku, pombe, lishe, na damu ya ukoo, na hakuna anayeweza kukuonyesha kidole akasema ya mzee wako ilitoka hapa.

Dawa Asilia Original

Ndugu usikate tamaa hospitali wanatisha watu tu. Kuna mzizi unayeyusha uvimbe wowote siku 21 bila upasuaji. Ushuhuda upo. Njoo inbox.

Mwana wa Kibosho

Dawa Asilia, nakujibu hapa hapa hadharani. Baba mdogo alituletea chupa ya mzizi kama huo, tukalipa shilingi 180,000. Tatizo likaja dogo tu: ni dawa ya kunywa, na mgonjwa hamezi. Chupa ilikaa juu ya kabati mpaka ikachacha, ikalipua kizibo usiku, Mama akadhani ni mwizi.

Na simcheki anayejaribu. Shangazi yangu mwaka 2011 alikwenda mpaka Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Masapila, akalala siku tatu kwenye foleni ya magari. Kikombe cha dawa yake kilikuwa shilingi 500. Mtu mwenye hofu atakwenda popote, na kumkataza kwa ukali ni kumfundisha kwenda kwa siri. Sisi tulichokosea ni kutomwambia daktari. Kama mgonjwa wako anatumia majani yoyote, yataje, maana mengine yanagombana na dripu na dawa.

Sasa naendelea.

Wiki sita zile tulikuwa waigizaji. Magrupu ya WhatsApp yakawa mawili. Moja lenye Baba na Mama ndani, mistari ya Biblia na picha za wajukuu. Jingine la sisi wanne, makaratasi na hesabu. Kila nikituma kitu nilikuwa naangalia mara mbili nisije nikakosea mlango.

Kaka Mkubwa akashika pesa, mimi nikashika faili. Hilo lilitokea lenyewe na likawa jambo la akili kuliko yote tuliyofanya. Kila karatasi niliipiga picha siku ileile. Filamu za CT zilipobaki kwenye basi, ripoti yake tulikuwa nayo kwenye simu. Mdogo wangu naye alikuwa na daftari la mistari: leo kala nini, katapika saa ngapi, kapewa dawa gani. Daktari mgeni akiuliza "alianza lini kukohoa akinywa maji" hatukuwa na haja ya kutazamana.

Ugomvi ulikuwepo, tusidanganyane. Dada anatuma dola, na kwa kuwa anatuma anaona ndiye wa kuamua. Kaka Mkubwa anajumlisha. Mimi napeleka picha za makaratasi najiona nafanya kazi. Na anayemshika Baba kichwa saa nane za usiku ni mdogo wetu, ambaye kwenye jedwali la michango alikuwa na sifuri. Siku moja akaandika: "Leo nimefua mashuka mara tatu. Iandikeni na hiyo." Saa mbili zikapita hakuna aliyejibu. Baadaye Kaka Mkubwa akatuma jedwali upya, na mbele ya jina la mdogo wetu, pale palipokuwa na sifuri, ameandika: *nyumbani*. Tangu siku hiyo mdogo akisema kitu kwenye grupu, kinasikilizwa.

Mama tulimwambia baada ya wiki moja. Tukamwekea kikao rasmi jikoni, Kaka Mkubwa akakohoa mara mbili kama mjumbe wa serikali ya kijiji. Mama akamkatiza: "Mimi ndiye ninayefua mashati yake. Mlidhani kola hazisemi?" Akaendelea kumenya ndizi. Presha yake haikupanda. Zilizopanda ni zetu.

Juni tukapewa rufaa ya mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, maana wakati huo Moshi mionzi haikuwepo. Safari ya basi siku nzima. Hapa kuna kitu ambacho hakuna aliyetuambia: mate. Umio ukiziba sana hata mate hayashuki, mtu anatema kila dakika chache, na mzee mwenye heshima zake anaona aibu kuliko maumivu. Tafuteni kopo lenye kifuniko, vitambaa vingi, mkae naye upande wa dirishani, na msimtazame anapotema.

Alifikia kwangu Kimara. Mionzi mara kumi, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki mbili. Kwenye mashine kwenyewe ni dakika chache, foleni ndiyo inayokula siku. Tulikuwa tunawahi asubuhi, tunavuka barabara tunakaa kutazama bahari. Barabara ile tangu 2013 ina jina la Barack Obama, Baba alilisoma kwenye kibao kwa sauti kila siku, kama anaita mahudhurio.

Siku ya nne au ya tano akaniuliza, "Hivi Ca ni kifupi cha nini?"

Nikanyamaza. Upepo ulikuwa mkali, ningeweza kusingizia upepo.

Akatoa kadi ya kliniki kwenye mfuko wa shati. Pale pa ugonjwa pameandikwa *Ca oesophagus*. "Kalsiamu nayo huandikwa hivi," akasema. "Nimefundisha sayansi darasa la saba. Nikawa najiuliza, mtu anapigwa mionzi kwa sababu ya kalsiamu?"

Wakuu, nilicheka. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, yakaendelea kutoka kicheko kilipokwisha. Alinisubiri. Halafu akasema, "Mwalimu hasomewi barua yake." Kumbe bahasha aliiomba siku ile kwa sababu hiyo. Aliisoma kwenye Hiace ya kurudi Kibosho, sisi tumekaa kiti cha mbele yake tunanong'onezana.

"Mbona hukusema?"

"Niliona mmeshajipanga. Mkijua kwamba najua, mtaogopa."

Na mdogo wetu alikuwa anajua. Baba alimwambia jioni ileile, akamkataza kutuambia. Wiki zile sita, sisi tukiwa na grupu letu la siri, wao wawili walikuwa wanazunguka kihamba, shamba letu la nyumbani. Walipanda upya masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka wa shamba, pale ambapo yalikuwa yamekauka, jirani akaitwa kushuhudia. Wakaenda kwa baba mdogo, ambaye Baba hakuwa akisemezana naye tangu kesi ya miti ya mpakani, wakiwa na jani la sale mkononi. (Kwa wasio Wachaga: ukiletewa sale umeombwa msamaha, na kulikataa ni jambo zito.) Ndiyo maana baba mdogo alikuja mbio na chupa ya mzizi! Mdogo wangu alikuwa akituandikia, "Mzee ana nguvu leo, kazunguka shamba lote," nasi kutoka Arusha, Dar na Minnesota tunajibu Amina.

Baba aliniuliza mawili tu pale ufukweni. Itauma sana? Na Krismasi nitakula?

Nesi wa Zamu

Niko wodini mwaka wa 19 sasa. Kwa hilo swali la kwanza la Mzee naomba niongeze, maana wengi wanateseka bure.

Kuna mofini ya maji, ya kunywa. Ndugu wakisikia jina hilo wanadhani ni dawa ya kumalizia mtu au atageuka teja. Hapana. Kwa mgonjwa wa saratani mwenye maumivu makali ndiyo dawa yake. Inatolewa kwa saa, kila baada ya saa nne, siyo mpaka alie. Dozi ya kulala huwa wanaandikiwa maradufu ili mgonjwa na wewe msiamke usiku wa manane. Fuateni alivyoandika daktari, msijipimie. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, msitishike, mwili unazoea. Na choo kitafunga, hilo ni uhakika, kwa hiyo siku mnayopewa mofini ombeni na dawa ya kulainisha choo. Nimeona mgonjwa anaacha mofini kwa sababu ya choo tu, anarudi kwenye maumivu.

Hospitali kubwa ulizieni kitengo cha tiba shufaa, wale wa kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Hao hawasubiri mtu awe wa kufa. Mtu anaweza kuwa nao huku bado anapigwa mionzi.

Na lile la "waingie vijana" linanichoma. Sisi manesi tunalifanya kwa mazoea. Siku hizi nikipata nafasi namuuliza mgonjwa mwenyewe kabla ya majibu: "Mzee, majibu yakitoka ungependa akuambie wewe, au azungumze na watoto?" Wengi wanasema mimi na watoto pamoja. Wachache wanasema watoto. Hakuna aliyewahi kunikasirikia kwa kumuuliza.

Makopa Tanga

Hapo ndipo nilipokuwa nataka kuingia. Assalam alaikum wote. Mie niko Muscat kikazi, kwetu Tanga. Mamangu alikuwa na saratani ya titi. Mbele ya daktari alisema mwenyewe: "Majina ya maradhi mpeni mwanangu. Mie niambieni tu dawa ni saa ngapi." Basi tukamwacha hivyo. Alifariki hajalitamka hilo neno hata siku moja, anaswali, anasuka mikeka, anagombana na kuku. Sasa nikisoma uzi kama huu moyo unanirejea nyuma. Nilimdhulumu?

Mwana wa Kibosho

Hukumdhulumu, dada yangu. Yeye aliulizwa akajibu. Baba hakuna aliyemuuliza, sisi tulimjibia. Kama angesema kama mama yako, ningekuwa na haki ya kunyamaza mpaka kesho.

Makopa Tanga

Ahsante. Nimelia kidogo, si vibaya. Swali jingine la sisi tulio mbali: nauli ni ileile moja. Mtu anajiuliza aje mgonjwa akiwa hai au aihifadhi kwa maziko. Mie nilikuja maziko.

Mwana wa Kibosho

Pole sana. Dada yetu alikuwa na swali hilohilo, na akaliuliza kwa Baba mwenyewe kwenye simu ya video, kwa kuzunguka zunguka. Baba akamwambia, "Njoo wakati naweza kukuuliza habari za safari." Alikuja Agosti, wiki tatu. Mazishini hakuwepo, alitazama kwa simu iliyoshikwa na mtoto wa jirani, picha inacheza. Kuna ndugu walimsema. Yeye mwenyewe hajuti. Ila najua kuna watu visa na kazi haviwaachii kuchagua, kwa hiyo sitoi amri hapa.

Mkimbizi wa Kivu

Mimi ni Mkongomani, naishi Kampala. Ninathibitisha maneno ya Nesi. Hapa Makindye iko Hospice Africa Uganda, ilianzishwa 1993 na Dokta Anne Merriman. Walianza kuchanganya mofini ya maji wao wenyewe, ya bei ndogo, na wauguzi wake wanakuja mpaka nyumbani. Tangu 2004 sheria ya Uganda inaruhusu muuguzi aliyesomea hiyo kazi aiandike mofini, si daktari peke yake. Mama yangu alikuwa na chupa ya kijani, ile isiyo kali. Alisema ladha ni mbaya kuliko vita. Lakini alilala.

Siti ya Mbele

Nesi na Mkimbizi mmetufungua. Mkuu wa Kibosho, Krismasi alikula?

Mwana wa Kibosho

Nafika huko.

Mionzi ilisaidia kiasi, mate yakapungua, uji ukapita. Julai mwishoni njia ikaanza kujibana tena, wakamwekea stenti. Ni mrija wa wavu wa chuma, unashushwa kwa kamera ukiwa umekunjwa, ukifika unajitanua. Siku mbili tatu kifua kilimuuma, kisha akaniambia kwa simu kitu ambacho sikuwa nimekisikia miezi sita: "Nina njaa."

Kula na stenti kuna masharti yake. Tonge la ugali, mkate mkavu, nyama yenye nyuzi, hivyo vinaziba. Kila kitu kilaini, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, amekaa wima, na vinywaji kati ya kijiko na kijiko. Asilale mara baada ya kula. Mdogo wangu aliweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani ili chakula kisipande usiku. Mama akanunua blenda, mtori ukawa unasagwa. Alipika na wa wageni, usio wa blenda, ili asijione anakula peke yake chakula cha mtoto.

Dada alipokuja walikaa barazani na albamu ya picha, Baba anamtajia nani ni nani, yeye anaandika kwa penseli nyuma ya picha. Sikufikiria kazi hiyo ingekuwa na maana. Leo ndiyo kitu pekee tunachogombania.

Kuhusu sisi wenyewe nitasema kidogo tu. Mimi nilikuwa nalia kwenye choo cha ofisini, nafungua bomba ili isisikike. Kaka Mkubwa alianza kunywa, akaacha baadaye. Mdogo wangu alikonda karibu sawa na Baba, na ni Mama aliyeona, akamwamuru awe anakwenda mpirani kila Jumapili, mimi au binamu tunapanda kumshikia zamu. Mwanaume mzima alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda mpirani kama anaiba. Msimwache anayeuguza bila siku yake.

Walionisaidia kazini hawakuwa wenye maneno mazuri. Kulikuwa na mama mmoja wa uhasibu, mkali, hatukuwahi kuzoeana. Alinifuata akasema, "Ijumaa zako nipe mimi mpaka nitakapokuambia." Hakuuliza Baba anaendeleaje. Ijumaa saa sita nilikuwa stendi.

Krismasi ya 2019 alikula mtori bakuli zima. Kisha akaomba kipande cha mbuzi. Mama akasita. Akakitafuna taratibu, muda mrefu, amefumba macho, akatoa utamu wote, kisha akakitoa kwenye kitambaa. "Nyama nzuri," akasema. Hakuna aliyetania kitu.

Alifariki Januari 2020, alfajiri, nyumbani. Mofini alikuwa anakunywa, maumivu hayakumshinda. Mdogo wangu ndiye aliyekuwepo, daftari linaonyesha dozi ya saa kumi usiku ilitolewa.

Na wewe mwenzangu uliyenipigia juzi, najua unasoma. Ijumaa zako nipe mimi.

Siti ya Mbele

Sina la kuandika. Apumzike mwalimu.

Mgeni Jukwaani

Samahani wakuu, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mama ana miaka 58. Wiki ya tatu sasa ugali haupiti, anasema kuna kitu kinakwama kifuani, anashushia na chai. Kapewa dawa za kupunguza asidi za mwezi mmoja. Nisubiri ziishe?

Nesi wa Zamu

Usisubiri. Inaweza kuwa kitu kingine kabisa, si kila anayekwamwa ana saratani, lakini hilo linajulikana kwa kamera tu. Mko wapi?

Mgeni Jukwaani

Babati.

Nesi wa Zamu

Basi shukeni Arusha kesho kutwa. Pigeni simu hospitalini kwanza muulize siku za kipimo cha kamera. Usiku wa kuamkia kipimo asile kitu, wala chai ya asubuhi, la sivyo watawarudisha. Dawa anazotumia zote wekeni kwenye mfuko muende nazo.

Mwana wa Kibosho

Na piga picha kila karatasi. Majibu yakitoka, bahasha mwachie abebe mwenyewe.

Mgeni Jukwaani

Mama hajui Kiingereza.

Mwana wa Kibosho

Muulize kama anataka asomewe.